Mkwaju wa bonsai haunenepi shina, tatizo ni nini?

Dada wa Mbagala

Habari zenu wapenzi wa miti. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nina mkwaju nilioupanda mwenyewe kwa mbegu. Mbegu niliitoa kwenye ukwaju wa sokoni niliokuwa natengenezea juisi ya kufuturu, nikailoweka usiku kucha, ikaota bila shida. Mche ulipofika kama shibiri moja nikauhamishia kwenye bakuli la udongo, bapa, kina chake hakizidi vidole vitatu, maana bonsai zote, yaani ile miti inayofugwa mifupi chunguni, nilizoziona kwenye picha zimekaa kwenye bakuli la namna hiyo. Tangu hapo nimekuwa nikikata kila ncha inayochomoza ili mti usipande juu. Huu sasa ni mwaka wa nne. Majani ni madogo mazuri, jioni yanajifunga na asubuhi yanafunguka, wageni wakija wanausifia. Lakini shina! Ni jembamba kama penseli na sioni kama limeongezeka tangu mwaka wa pili. Ukiutazama vizuri ni mche tu uliowekwa kwenye bakuli. Mimi nilitaka mti mfupi wenye sura ya uzee, ile unayoiona ukajua huu umekaa hapa kabla ya mimi kuzaliwa.

Mengine ni haya. Uko kibarazani, unapata jua la asubuhi mpaka kama saa tano. Udongo ni mweusi, nilinunua kwa muuza maua barabarani, una samadi ndani yake. Namwagilia maji ya kisima, na cha kwetu kina chumvi kidogo. Siku hizi ncha za majani zinakauka na ukingo wa bakuli umefanya utando mweupe.

Naomba kujua: nifanye nini shina linenepe? Nitie mbolea gani? Au nimeshachelewa, nianze mwingine? Nyumba ni ya kupanga na uwani ni saruji tupu, kwa hiyo usiniambie niupande ardhini.

Mpenda Kivuli, Mwanza

Dada, kwa unene weka urea, kijiko kimoja kila wiki, utaona tofauti.

Ila niseme la moyoni. Mkwaju ni mti wa ukoo mzima kukaa chini yake. Kuubana kwenye bakuli na kuukata mizizi ni kuutesa na kuufupishia maisha. Kama huna ardhi, mpe mtu mwenye shamba aupande upate uhuru wake.

Fundi Mstaafu, Tanga

Dada yangu, marahaba. Nimefanya kazi ya umeme wa majumbani maisha yangu yote, na hii miti ya vyunguni nimekaa nayo muda mrefu kuliko baadhi ya wateja wangu. Mikwaju ndiyo mingi kwangu, kwa sababu inavumilia jua letu, inavumilia upepo wa bahari, na ukiikata inachipua hata kwenye gome la zamani.

Kwanza, usitie urea. Kijiko kwa wiki kwenye bakuli la kina cha vidole vitatu kitaunguza mizizi yote. Na mti wako tayari una chumvi, usiongeze nyingine.

Pili, hujachelewa. Mkwaju wa miaka minne ni mtoto mchanga.

Tatizo lako ni bakuli na mkasi. Shina linaneneshwa na majani. Jani linatengeneza chakula, chakula kinashuka chini ya gome kuelekea mizizini, na kinapopita ndipo ubao mpya unapoongezeka. Kukiwa na majani mengi, matawi marefu na mizizi yenye nafasi, shina linajaa. Wewe juu umekata kila kilichochomoza, na chini mizizi imezunguka bakuli mpaka imekosa pa kwenda. Mti unapata riziki ya kuishi tu, ya kunenepa haipo. Na hiyo ndiyo kazi halisi ya bakuli bapa: kuzuia. Linafaa mti ambao shina lake limeshakamilika. Wajapani wenyewe wanakuza miti yao ardhini miaka mingi, wanaikata, wanaiacha ikue tena, wanaikata tena, na bakuli linakuja mwisho kabisa. Picha hazituonyeshi miaka hiyo.

Kwa hiyo mti wako utoke kwenye bakuli. Bakuli lioshe, liweke kabatini, utalihitaji baadaye.

Ardhi huna, sawa. Tafuta tenga la plastiki, yale ya kubebea nyanya na machungwa, lenye matundu pande zote. Ndani tandaza wavu wa plastiki ili mchanganyiko usimwagike. Tenga ni bora kuliko ndoo, na nitakwambia kwa nini. Kwenye ndoo mzizi ukifika ukutani unageuka na kuzunguka, mwisho unakuwa na mizizi minene inayojinyonga. Kwenye tenga mzizi ukifika kwenye tundu unakutana na hewa kavu, ncha inakufa, na nyuma yake inatoka mizizi midogo midogo mingi. Hiyo midogo ndiyo itakayokubali kuingia kwenye bakuli siku ikifika.

Udongo mweusi wa barabarani uache kabisa. Ukilowa unashikamana, ukikauka unakuwa tofali, na kwenye joto la Dar maji yanatuama huko chini wakati juu umekauka. Mimi nachanganya hivi: ndoo mbili za chenga za matofali ya kuchoma, ndoo moja ya mchanga wa mto ule mkubwa mkubwa, ndoo moja ya vumbi la makumbi lililooshwa. Matofali unavunja kwa nyundo, unachekecha mara mbili. Zinazobaki kwenye chekeche la matundu ya milimita 6 ni kubwa mno, zirudishe kwenye nyundo. Zinazopita kwenye chekeche la milimita 2 ni vumbi, zitupe. Za katikati ndizo zako. Usione uvivu kuchekecha. Vumbi likibaki linaziba nafasi za hewa na kazi yote inakuwa bure. Makumbi loweka kwenye maji ya bomba au ya mvua na ubadilishe maji mpaka yawe meupe, kwa sababu makumbi ya pwani nayo yanakuja na chumvi yake.

Kuhamisha kufanyike mvua za masika zinapoanza, mwishoni mwa Machi hivi, ukiona mti unatoa vichipukizi vipya. Usihamishe Januari wala Februari kwenye jua lile la kaskazi.

Sasa shughuli ya mizizi, hapa nenda taratibu. Utoe mti, uchambue udongo kwa kijiti cha mshikaki, uanzie pembeni ukienda katikati. Utakuta mzizi mkuu mmoja mnene unaoshuka na kujikunja chini ya bakuli. Mkwaju ndivyo ulivyo, kwao ni mzizi mrefu wa kutafuta maji chini sana. Huo ukate, ila angalia juu yake kwanza: lazima kuwe na mizizi ya pembeni ya kutosha, mitatu minne, inayotoka karibu na usawa wa udongo. Ikiwepo, kata mzizi mkuu chini yake. Isipokuwepo, ufupishe nusu tu mwaka huu, malizia masika ijayo. Halafu chukua kipande cha kigae cha sakafuni, ukubwa wa kiganja, ukiweke ndani ya tenga kama vidole vinne chini ya uso wa mchanganyiko, na mti ukae juu yake. Mizizi ya pembeni uitawanye kuzunguka kwa mkono, kila upande, isipandane. Kigae kinaizuia kushuka moja kwa moja, inalazimika kwenda pembeni kwanza. Baada ya miaka utaona shina limetanuka pale chini na kushika udongo kwa vidole vyake. Sura ya uzee unayoitafuta inaanzia hapo chini, kabla hata ya unene.

Funga mti kwenye tenga kwa kamba usitikisike. Mti unaotikiswa na upepo unakata mizizi myororo kila siku. Weka kivulini wiki mbili tatu, kisha upeleke kwenye jua. Na jua ninalosema ni la kutwa. La mpaka saa tano halitoshi mkwaju.

Ukishashika, usiuguse. Hili ndilo gumu kuliko yote. Uache urefuke, uwe kama fimbo, uvuke kimo chako, matawi yaende kila upande, uonekane mbaya. Usikate ncha hata moja miaka miwili ya mwanzo. Mbolea sasa ndiyo inafaa: samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, konzi mbili juu ya mchanganyiko kila mwezi wakati wa mvua, au mbolea ya dukani ya NPK 17-17-17 kidogo kidogo. Mkwaju ni jamii ya kunde lakini hautengenezi vifundo vya naitrojeni mizizini kama kunde, kwa hiyo usidhani utajilisha wenyewe.

Habari ya chumvi: utando mweupe ni huo huo uliomo kwenye kisima. Kila mvua ikinyesha toa mti uwani unyeshewe mpaka maji yatiririke chini kwa wingi, inaosha. Siku za kiangazi, mara moja kwa wiki mwagilia maji ya bomba mara tatu mfululizo mpaka yapite. Ncha zilizokauka hazirudi, angalia majani mapya.

Ndugu yangu wa Mwanza, nakuelewa, na neno lako la kivuli ni la kweli kwa mkwaju wenye nafasi. Lakini kuhusu maisha mafupi, sikubali. Kuna msonobari mmoja uko Washington, kwenye makumbusho ya taifa ya bonsai ya Marekani. Umeanza kufunzwa chunguni mwaka 1625. Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Wamarekani mwaka 1976, na ilipofika 2001 wajukuu wake walipokwenda kuuona ndipo makumbusho yakajua kwamba mti huo ulikuwa Hiroshima siku ya bomu, Agosti 6, 1945, kama kilomita 3 tu kutoka lilipolipukia, nyuma ya ukuta. Mpaka leo unatoa majani. Mizizi inayokatwa kwa wakati wake na udongo unaobadilishwa ndivyo vinavyouweka mti chunguni umri wote huo. Mti unaoteseka ni ule uliosahauliwa, uwe bakulini au shambani.

Dada wa Mbagala

Fundi, Mungu akuzidishie. Nimesoma mara mbili na tenga nimeshaongea na mama muuza nyanya, ananiuzia moja.

Naomba uniongezee mambo mawili. La kwanza, unaposema urefuke kuliko kimo changu, mwisho si utakuwa mti mrefu? Mimi nataka usizidi nusu mita. La pili ni waya za kupindia matawi. Mtandaoni waya za bonsai zinauzwa ghali na usafirishaji juu. Kuna njia nyingine?

Na mti wangu una vitawi viwili vya chini kabisa, kama vidole viwili vitatu kutoka kwenye udongo. Nilikuwa napanga kuviondoa, naona vinachafua shina.

Mfanyakazi wa Maua, Naivasha

Hamjambo nyote. Mimi niko Naivasha, kazi yangu ni kwenye shamba la maua, bonsai ni mapenzi ya nyumbani. Ninakubaliana na Fundi karibu yote, ila kuhusu udongo nina langu.

Huku kwetu kuna pumisi, lile jiwe jepesi la volkano lenye matundu, linachimbwa upande wa mlima Longonot. Mashamba ya maua yenyewe yanalitumia kupandia waridi. Mimi hutumia hilo peke yake, bila makumbi, bila chochote kinachooza. Mizizi yake ukiitoa ni myeupe na mingi ajabu. Makumbi yakioza baada ya mwaka mmoja yanageuka tope na hewa inapungua. Dada, kama unaweza kupata mawe ya volkano kutoka Arusha au Moshi, tumia hayo.

Na hivyo vitawi vya chini usivikate! Ngoja Fundi akueleze, lakini hivyo ni dhahabu.

Pia niseme mkwaju si wa kila mahali. Naivasha tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na mkwaju nilionao ukifika Julai unasimama kabisa, hausongi mbele. Kwa hiyo mimi nimehamia kwenye mzeituni mwitu, unapenda baridi yetu na gome lake linazeeka vizuri. Wewe wa pwani una bahati na mkwaju, ushikilie.

Fundi Mstaafu, Tanga

Ndugu wa Naivasha, pumisi ni nzuri na ningekuwa nayo ningeitumia. Makumbi nayaweka kwa sababu moja: Dar na Tanga mwezi wa pili, chombo cha mawe matupu kinakauka kabla ya saa nane mchana, na huyu dada bila shaka ana shughuli zake, hawezi kumwagilia mara tatu kwa siku. Robo moja ya makumbi inamfikisha jioni. Mwaka wa pili yakianza kuwa tope anabadilisha, wakati huo atakuwa anaangalia mizizi hata hivyo. Naivasha hewa yenu ni ya ubaridi, mawe matupu yanawatosha.

Sasa dada, vitawi. Usiviguse, na naomba hata usivifupishe. Kazi yake ni mbili.

Kitawi kimoja kitakuwa cha kunenesha. Kila tawi linanenesha shina kuanzia pale lilipoota kwenda chini, halineneshi juu yake. Kwa hiyo kitawi kilichoota vidole viwili kutoka udongoni, ukikiacha kirefuke mita nzima, kinapeleka unene wote pale mguuni, na juu shina linabaki jembamba zaidi. Ndivyo tunavyopata shina pana chini na linalopungua kadiri linavyopanda. Shina lenye unene mmoja toka chini mpaka juu, hata liwe nene vipi, linaonekana nguzo. Kitawi hicho kikimaliza kazi kinaondolewa.

Kitawi cha pili kitakuwa shina jipya. Hili ndilo jibu la swali lako la urefu. Mti wa nusu mita unataka mguu wa unene wa sentimita 8 hivi, kimo kikiwa kama mara sita ya unene. Ukishafikia unene huo, na kwa mkwaju uhesabu miaka mitano au zaidi, unachukua msumeno na kukata shina lote juu kidogo ya kitawi hicho. Ndiyo, lote. Fimbo yote ya mita mbili inakwenda. Kinachobaki ni kisiki cha kimo cha kiganja na kitawi kimoja pembeni. Kitawi unakielekeza juu, kinakuwa shina, unakiacha nacho kirefuke mpaka kikaribie unene wa kisiki, halafu unakikata nacho juu ya kitawi chake. Kila ukikata, shina linapata kupinda kidogo na kupungua unene. Baada ya mikato miwili mitatu una mti, na kila kilichobaki ni cha zamani kweli, hakuna cha kuigiza.

Mkato ufanyike masika, mti ukiwa na nguvu. Kata kwa mshazari, sehemu ya juu ya mshazari iwe upande wa kitawi, maji yasituame. Acha kisigino cha sentimita moja mbili juu ya kitawi, kwa sababu mkwaju mara nyingi ukikatwa unakauka kidogo kurudi chini. Mwaka unaofuata, ukiona wapi pamekufa na wapi pako hai, ndipo unasafisha kwa kisu kikali mpaka kwenye kijani cha chini ya gome, na unapaka gundi nyeupe ya mbao pembezoni. Kidonda kikubwa cha mkwaju kinachukua miaka kuziba, chagua kiwe upande wa nyuma.

Waya. Hapa niko nyumbani. Nunua waya wa shaba wa kufungia nyumba, ule wa njia moja usio na nyuzi nyingi. Unataka saizi tatu, kwa milimita za mraba kama zinavyouzwa dukani: wa 1.5 kwa vitawi vidogo, wa 2.5 kwa matawi membamba kidogo kuliko kalamu, wa 4 kwa shina changa. Kipimo cha mkono ni hiki: waya uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Mafundi wa umeme wana vipande vinavyobaki kwenye kila nyumba, waombe, watakupa kwa bei ya chai.

Plastiki ya juu ivue kwanza kwa kisu, usiichome, moshi wake ni sumu. Shaba uliyovua ni ngumu, ukiipinda inaruka kurudi. Ikunje mduara mpana, uiweke juu ya mkaa uliowaka vizuri, wakati wa magharibi giza likianza kuingia ili uione rangi. Ikishakuwa nyekundu iliyofifia, si nyekundu ya kung'aa, itoe kwa koleo uiache ipoe. Ikipoa itakuwa imeingia weusi na imelainika, unaikunja kwa vidole viwili. Ujanja wake ni kwamba kila ukiipinda inaanza kuwa ngumu tena, kwa hiyo ukiizungusha kwenye tawi fanya mara moja, usiikunje na kuikunjua. Ikishakaa na kukazika yenyewe ndivyo inavyoshika tawi. Waya laini uliochomwa unatumika tena ukiuchoma tena, miaka.

Kuzungusha: anzia kwenye shina uzungushe angalau mara moja na nusu ili upate pa kushikia, au bora waya mmoja uende kwenye matawi mawili yanayokaribiana, kila moja linamshika mwenzake. Mzunguko uwe mshazari wa digrii 45. Ukibananisha kama springi hauna nguvu, ukiachanisha sana hauna nguvu. Waya ukae nje ya kona unayotaka kupinda, pale ndipo tawi linapopasuka. Pinda kidogo kidogo, kwa vidole gumba viwili, ukisikiliza. Mkwaju unapindika vizuri tawi likiwa linatoka kijani kwenda kahawia. Likishakuwa kahawia lote limekuwa gogo, litakatika.

Na uangalie kila wiki. Kwenye vitabu vya nchi za baridi wanasema acha waya miezi sita. Huku mti haulali, masika tawi linajaa kwa wiki chache tu na waya unazama kwenye gome. Alama hiyo haitoki. Ukiona gome linaanza kuvimba pembeni mwa waya, toa siku hiyo hiyo hata kama tawi halijakubali, utalifunga upya kwingine. Na kutoa ni kwa kukata vipande vipande kwa koleo ya kukatia. Usiukunjue, utavunja tawi ulilolilea.

Kwa matawi manene nisiyotaka kuyapa waya, mimi nina kamba ya katani, Tanga ndiyo kwao. Naweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli juu ya tawi, napitisha kamba, navuta chini na kufunga kwenye tenga. Kila baada ya wiki kadhaa nakaza kidogo. Hakuna alama.

La mwisho, sura. Usiukunje mkwaju uwe msonobari. Naona watu wengi wanapanga matawi ngazi ngazi, pembetatu juu, kwa sababu picha ni za misonobari. Wajapani walitazama misonobari yao ya pwani na milimani wakaifuata, na mtindo wao wa ufagio waliutoa kwa miti ya zelkova wanayoiona kwao. Afrika Kusini wakafanya hivyo hivyo kwa miti yao: Charles Ceronio wa Pretoria alitengeneza mtindo wa mgunga, ule mwamvuli bapa juu, ukaitwa Pierneef kwa jina la mchoraji aliyechora sana migunga hiyo, na mtindo mwingine wa mbuyu. Sisi tuna mikwaju. Nenda kauangalie mmoja mkubwa, chukua simu upige picha kutoka mbali. Shina fupi nene, limejaa mabonde. Linagawanyika chini, wakati mwingine kwa kimo cha mtu, kuwa mikono minene mitatu minne. Kilele ni mviringo mpana, upana unakaribia kimo. Na ncha za matawi zinainama chini, kwa sababu ya uzito wa majani na kwaju. Hiyo ndiyo sura. Ichapishe picha uibandike ukutani pale unapofanyia kazi.

Dada wa Mbagala

Fundi, hapa mtaani kwetu kuna mkwaju mkubwa karibu na kituo cha bodaboda, kesho naupiga picha. Vitawi vimepona.

Nauliza moja tu la mwisho. Nikikata ile fimbo ya juu huko mbele, naweza kuichomeka ikaota nipate mti mwingine? Na je, wakati nangoja hii miaka mitano niwe nafanya nini?

Fundi Mstaafu, Tanga

Kuchomeka fimbo ya mkwaju ni kazi ya kubahatisha, nyingi zinakauka. Ukitaka juu nako pawe mti, miezi kadhaa kabla ya kukata menya gome kuzunguka shina pale, upana wa vidole viwili, mpaka ubao mweupe, kwangua ule utelezi wote. Zungushia makumbi yaliyoloa, funga kwa nailoni isipitishe hewa, juu na chini ukaze kwa kamba. Mizizi itatoka kwenye ukingo wa juu wa gome, utaiona kupitia nailoni. Ikijaa ndipo unakata chini yake na kupanda. Siku moja unapata miti miwili.

Kuhusu kungoja, panda mbegu nyingine wiki hii. Kumi hivi. Zikwangue kidogo kwenye sakafu ya saruji upande mmoja, loweka usiku, panda kwenye vikopo vya maziwa vilivyotobolewa. Zikishakuwa na majani manne matano, zile zenye shina lenye nguvu zing'oe kwa upole, fupisha mzizi mkuu, pitisha mzizi kwenye tundu la santuri ya CD ya zamani, panda na CD ikiwa ndani ya udongo, udongo kidogo juu yake. Shina likinenepa litabanwa na tundu, ambalo ni milimita 15 tu, litavimba juu ya CD na kutoa mizizi kuzunguka pande zote. Hiyo huwezi kuifanya kwa mti wako wa sasa, mizizi yake haitapita.

Anza na matofali yako leo, chenga za tenga zima si za nusu saa. Na ukishahamisha, weka picha ya mizizi hapa kabla hujafukia, tuangalie pamoja wapi pa kukata.